Mwacheni Binti Alale

Kuna kauli inayozunguka katika vijiwe vyetu vya uandishi, na leo nimeamua kuivaa uso kwa uso. Kauli yenyewe inasema kwamba kijana wa Kiswahili anayesoma manga, hasa zile za msichana mwenye nguvu za kupindukia ambaye hataki ufalme wala sifa bali anataka marafiki, chakula kizuri na usingizi, kijana huyo kapotea njia. Anakimbia maisha, wanasema. Hadithi hizo hazina mgogoro, hazina ujumbe, ni vikatuni vya watoto wa kishua. Na wale waliojipa zamu ya kulinda utamaduni hugongelea msumari wa mwisho: hayo ni mambo ya Wajapani, yanamhusu nini mtu wa Mitole?

Nawajibu hivi, ndugu wasomaji. Yanamhusu. Tena yanamhusu mtu wa Mitole kabla hayajamhusu mtu wa Tokyo. Mitole ni kata ya wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, huku kwenye ufuta, korosho na tembo wanaoingia mashambani bila hodi. Huku kwetu jambo la kawaida halijawahi kuwa jambo dogo. Na msichana mwenye nguvu nyingi anayekatazwa kutaka lolote kwa ajili yake mwenyewe, huyo hatukumsoma kwanza kitabuni. Tunapishana naye kila alfajiri njiani, ndoo kichwani.

Basi tuingie ulingoni.

HADITHI YENYEWE INASEMAJE

Ili tusigombane hewani, tuchukue hadithi moja inayojulikana. Mwaka 2016 mwandishi wa Kijapani anayetumia jina la FUNA alianza kuibandika, sura baada ya sura, kwenye tovuti ya waandishi chipukizi iitwayo Shōsetsuka ni Narō, yaani Tuwe Waandishi wa Riwaya. Jina la hadithi ni refu kama treni ya mizigo: Watashi, Nōryoku wa Heikinchi de tte Itta yo ne! Kwa Kiswahili chetu tungesema: Si Nilisema Uwezo Wangu Uwe wa Wastani! Ikatoka huko ikawa vitabu, ikawa manga iliyochorwa na Neko Mint, na mwaka 2019 ikawa katuni ya televisheni.

Msichana Kurihara Misato amezaliwa na kipaji cha kila kitu. Darasani ni yeye, michezoni ni yeye. Matokeo yake watu wazima wanamtegemea, wenzake wanamkalia mbali, naye hana rafiki wa kupiga naye soga. Anakufa akimwokoa mtoto. Huko aendako anaulizwa: katika maisha yako mapya unataka uwezo gani? Jibu lake fupi: naomba wa wastani tu, niwe kama watu.

Anazaliwa upya kwa jina la Adele von Ascham, katika dunia ya wafalme, uchawi na majoka. Kumbukumbu za maisha ya kwanza zinamrudia akiwa na miaka 10, na hapo ndipo anagundua kwamba amepigwa changa la macho. Wastani aliopewa si wa binadamu. Wamemchukua kiumbe dhaifu kuliko wote na kiumbe mwenye nguvu kuliko wote, yaani joka la kale, kisha wakakata katikati. Mtoto wa watu ana nusu ya nguvu za joka! Kuanzia hapo maisha yake yote ni kujificha. Anakimbia, anajiita Mile, anaungana na wasichana watatu, Reina, Mavis na Pauline, wanafanya kazi za uwindaji wakitafuta riziki. Kila akijaribu kufanya jambo kidogo, linatoka kubwa.

Wanaocheka wakaishia kucheka wameachia kitu hapo. Tufanye hesabu. Tuseme kijijini wapo wakulima kumi, kila mmoja ana shilingi 2,000 mfukoni, na yupo tajiri mmoja mwenye shilingi 1,000,000. Ukikata katikati ya aliye chini kabisa na aliye juu kabisa, kama alivyofanyiwa Adele, unapata shilingi 501,000. Ukijumlisha fedha zote ukagawa kwa watu 11, unapata kama shilingi 92,700. Ukiwapanga wote mstari mmoja, ukamtazama yule anayesimama katikati, ana shilingi 2,000 zake zilezile. Kijiji ni kimoja, wastani ni wa aina tatu. Mara ngapi tumesomewa redioni wastani wa pato la Mtanzania, tukajipapasa mifuko, tukaulizana huyo Mtanzania wa wastani anakaa mtaa gani? Mwandishi wa vikatuni vya watoto ametufundisha kwamba wanaopanga maana ya neno "kawaida" si wale wanaoiishi. Halafu mtu anasema hakuna ujumbe!

MGOGORO MNAUTAFUTIA WAPI?

Walimu wa fasihi, ninaowaheshimu, wana hoja moja ambayo sitaipita kimyakimya. Wanasema: mhusika asiyeshindwa hana hadithi. Kama kila jitu anaangusha kwa kofi moja, msomaji atasubiri nini?

Hoja hii ingekuwa sahihi kama shabaha ya mhusika ingekuwa kuangusha majitu. Lakini Mile hataki kuangusha majitu. Anataka asionekane. Anataka akae mezani na wenzake watatu, ale, acheke, aambiwe "wewe nawe!" kama mtu yeyote. Sasa jaribuni kupima: nguvu zake zinamsaidia kulipata hilo, au zinamzuia? Zinamzuia. Kila ushindi unamsogeza mbali na anachokitaka. Akimwokoa rafiki yake, amejifichua. Asipomwokoa, hana rafiki tena. Hapo ndipo mgogoro ulipo, na ni mkali, kwa sababu adui wa kumpiga ngumi hayupo. Anayetafuta mgogoro kwenye upanga peke yake amesoma mgogoro wa aina moja tu.

Tena jambo hili halikuanza na FUNA. Tezuka Osamu alipochora Ribon no Kishi kuanzia mwaka 1953 alimweka binti wa kifalme, Safaya, mwenye moyo wa kiume na wa kike, ambaye lazima ajifanye mwanamume ili arithi kiti, huku moyoni anatamani avae gauni kama wasichana wengine. Takeuchi Naoko alipoanza Sailor Moon mwaka 1991 alimpa jukumu la kuokoa dunia msichana mlizi, mvivu wa masomo, mpenda kula na kulala, jina lake Usagi. Mamilioni ya wasichana wakampenda. Hawakumpenda kwa kuwa ana nguvu, mashujaa wenye nguvu walikuwa tele. Walimpenda kwa kuwa ana nguvu na bado analia akipata alama mbaya za mtihani.

"WANAWAKE NI JESHI KUBWA"

Sasa turudi nyumbani, maana kidonda kiko hapa.

Kwenye kila jukwaa utasikia: wanawake ni jeshi kubwa! Makofi, vigelegele. Na mimi nauliza swali la kijinga: jeshi hulala saa ngapi? Nani anampelekea jeshi uji kitandani? Kusifiwa kwa nguvu ni jambo zuri, lakini tazameni kinachofuata baada ya sifa. Anayesifiwa kwa nguvu huongezewa mzigo. Msichana aliyeamka kabla ya adhana, akafagia, akateka maji, akaenda shule kwa miguu, akarudi akatwanga, akawaogesha wadogo zake, huyo jioni anaambiwa: "Mwanangu wewe hodari, hebu malizia na vyombo." Kaka yake, asiyejulikana kwa uhodari wowote, yuko kibarazani anapunga upepo. Wahenga walishasema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hakuna aliyemuuliza punda alitaka nini siku ile.

Hebu tumpe binti wa Mitole nusu ya nguvu za joka, tuone. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni huku na huku, watu wakalala njiani. Binti yetu angekuwapo mwenye nguvu zake, mnadhani angeulizwa? Kabla jua halijachomoza angekuwa ameshapangiwa zamu ya kubeba daraja. Kesho yake kufukuza tembo wa Mitole yote. Keshokutwa mheshimiwa fulani amekuja kupiga naye picha. Wiki ya pili yamekuja malalamiko kwamba binti huyu siku hizi ana maringo, ameombwa kubeba tangi la maji akasema amechoka. Amechoka! Na nguvu zote zile?

Hiyo ni hadithi, ndugu zangu. Imekaa tayari, inasubiri kalamu. Na mtaona kwamba ndani yake hakuna hata kimoja kilichotoka Japani.

Kwa hiyo msichana wa Kilwa anapokaa na simu yenye kioo kilichopasuka, akasoma manga ya binti asemaye "ninazo nguvu, lakini naomba kulala", msimwambie anakimbia maisha. Anasoma sentensi ambayo hajawahi kuruhusiwa kuitamka kwao. Kama huko ni kukimbia, basi ni kukimbia kwa mfungwa, na wa kuulizwa ni aliyeujenga ukuta.

FASIHI YETU IMEWATENDEA NINI

Hapa najua nitagusa watu, lakini gazeti la vijana lisipogusa watu litagusa nini?

Shujaa wetu mkubwa wa tendi ni Fumo Liyongo. Utendi wake uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamweleza kama mtu asiyechomwa na silaha, mpaka mwanawe wa kumzaa alipoijua siri akamdunga sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia pale pale katika hali ya kulenga. Na watu, wakidhani yu hai, wanaogopa kwenda kuteka. Mji mzima unakosa maji! Karne nzima tumesifu goti lile na upinde ule. Wangapi wetu tumejiuliza kuhusu waliosimama mbali na ndoo tupu? Kwao shujaa amekuwa kikwazo kati ya mtungi na maji. Mimi naitaka hadithi ya mmoja wao. Nataka awe na nguvu kuliko Liyongo, na anachotaka kiwe maji ya kupikia tu.

Njooni kwenye riwaya. Mwaka 1971 Kezilahabi alituletea Rosa Mistika. Kazi nzito, siwezi kuibeza. Lakini Rosa aliyefungiwa na baba hadi akakosa kujua dunia, anaishia kujiua. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) akatuletea Maimuna, aliyefungiwa ndani vilevile, akatoka, dunia ikamgaragaza kwanza kabla hajapata pa kutua. Nakiri waandishi hawa walikuwa wanaishtaki jamii, hawakuwa wanamshtaki msichana. Lakini sisi warithi wao tumefanya nini? Tumechukua adhabu, tukaacha mashtaka. Siku hizi katika hadithi zetu chipukizi, ukiona msichana anataka kitu chake mwenyewe ukurasa wa tatu, jua ukurasa wa kumi atapata mimba, ukurasa wa kumi na mbili atafukuzwa nyumbani, na wa mwisho ni kaburi. Tunaita funzo.

Na katuni zetu? Jarida la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, lilitupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe. Tuliwapenda, tuligombania nakala mpaka zikachanika. Walikuwa wajanja, walafi, wavivu, waongo, na tuliwasamehe yote kwa sababu walitaka vitu vya kawaida: mlo, starehe, fedha kidogo. Lakini hesabuni wenyewe: mashujaa wale wote ni wanaume. Mwanamke aliingia kwenye fremu kama umbo la kugeuziwa shingo au mke wa kufoka mlangoni. Uvivu wa Lodi Lofa tuliuita kichekesho. Uvivu wa msichana tungeuitaje?

Mwaka 1968 kilichapishwa kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Utubora Mkulima. Utubora ana elimu, ana kazi mjini, ana kila njia ya kupanda juu, lakini anaacha yote akaenda kulima. Anataka ukawaida. Nasi shuleni tulifundishwa kwamba huyo ni mtu mwenye hekima. Vizuri sana. Sasa Utubora awe mwanamke. Awe na uwezo wa kupindukia, aache yote, aseme anataka shamba dogo, kitanda chake na amani. Tutamwita mwenye hekima? Au tutauliza kwanza nani kamharibu?

Ndiyo maana namrudia Penina Muhando kila mara. Katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa, na haisimami, maana kila mmoja anavutwa na shida yake: nyumba, watoto, mume, biashara ndogo. Wapo wasomaji waliolaumu umbea na ubinafsi wa wanawake wa Patata. Mimi naiona aibu ya kijiji kizima. Mnawezaje kuwaambia watu ambao hawajalala wainue nguzo?

MAJI YA NGARAMBE

Atakuja mtu aniambie: "Ndugu, wewe unatetea uvivu. Nchi hii ilijengwa na mashujaa. Nkomanile alinyongwa na Wajerumani kule Songea mwaka 1906, hakuomba kulala."

Nashukuru kwa kumtaja, maana ndiye shahidi wangu.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, kaskazini mwetu, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuingia kwenye maji ya kina na kutoka mkavu. Akawapa watu maji yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Kama hiyo si fantasia, basi neno hilo halina maana. Lakini watu wa Umatumbi walitaka nini na nguvu zile? Kutawala Berlin? La hasha. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, waling'oa mashina ya pamba. Ya pamba, wandugu! Walikuwa wanalazimishwa kulima pamba ya serikali huku mashamba yao ya chakula yanaota majani. Walitaka kulima mtama wao, wale wao, wasichapwe viboko, wasilipe kwa jasho kodi wasiyoijua. Vita vikubwa kabisa vya nguvu za ajabu katika historia yetu vilipiganwa kwa ajili ya mambo ya kawaida kabisa.

Na adui alilielewa hilo kuliko wahakiki wetu. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na vita havikufa. Ndipo Wajerumani wakageukia ukawaida wenyewe: wakachoma vijiji, mashamba na maghala. Wao walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa. Adui anayetaka kukumaliza huanza na uji wako. Kwa hiyo mtu akikuambia kutaka uji ni jambo dogo, mpeleke Nandete.

Mtoto wa Kilwa, Ebrahim Hussein, aliyezaliwa huku mwaka 1943, aliliona hili akiwa kijana kama sisi. Kinjeketile yake ya mwaka 1969 si hadithi ya shujaa anayependa ushujaa. Ni hadithi ya mtu aliyepewa neno zito kuliko mabega yake. Yeye anataka watu wangoje, wao wameshabeba lile neno wanakwenda nalo. Nguvu imemzidi mwenye nguvu, na jamii haimsikilizi tena kama mtu, inamtumia kama silaha. Someni tena tamthilia ile mkitoka kusoma manga zenu, mtashangaa jinsi zinavyoitikiana. Kilichobaki ni kwamba hatujamwona dada yake Kinjeketile. Yuko wapi? Ni nani kamwandika?

LAKINI MSINAKILI!

Nimewatetea wasomaji wa manga, sasa niwageukie waandishi wake wa hapa kwetu, maana nao wana kesi ya kujibu.

Jamani, hadithi ngapi zimepita kwenye meza za wahariri wetu wadogo ambamo binti anaitwa Lady Elizabeth, ana nywele za fedha, anaishi kwenye kasri lenye theluji dirishani, na mwandishi wake hajawahi kuona theluji hata kwenye friji? Mjapani aliazima makasri ya Ulaya. Sisi tunaazima makasri ambayo Mjapani kaazima, hata rangi imeshapauka. Na hapa tu, ng'ambo ya mkondo, Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Husuni Kubwa na msikiti mkuu ambao Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 alikuta mji wake ukistawi. Kuna Songo Mnara. Kuna misitu ya mpingo. Kuna mizimu yenye majina na miiko yake. Kuna shetani wa majini ambao kila bibi wa Kilwa Kivinje anaweza kukutajia tabia zao. Mnataka dunia gani nyingine?

La pili, uvivu wa mtunzi. Nyingi katika hadithi hizi za nguvu za kupindukia ni mbovu, tusidanganyane. Zinaanza na binti anayetaka jambo dogo, zikifika kitabu cha tano mwandishi amelisahau, kimebaki kikosi cha watu wanaofungua midomo kila binti akinyoosha kidole. Hapo wahakiki wana haki yao. Nguvu bila hamu ni fataki, inalia na kuisha. Kwa hiyo ukiandika, andika kwanza anachotaka. Kiandike kwa kipimo: si "amani", bali kulala mpaka saa mbili asubuhi siku ya Jumapili bila kuitwa. Si "upendo", bali mtu mmoja wa kumtania. Si "maendeleo", bali bomba lisilokauka mwezi wa kumi. Kisha umpe nguvu, na nguvu ile imzibie njia ya kulipata hilo. Ukifanya hivyo hutahitaji joka.

La tatu, wenzetu wameshatangulia, tusijifanye hatuoni. Kenya ilitoka Super Sema mwaka 2021, katuni ya msichana wa miaka 10. Mzambia Malenga Mulendema aliwaza wasichana wanne wa shule mjini Lusaka wanaookoa dunia kwa bajeti ya mkaa, na Supa Team 4 ikatoka Netflix mwaka 2023. Lusaka haina bahari wala magofu ya kisultani, lakini ina mtu aliyeandika. Na kumbukeni FUNA alianzia wapi: kwenye tovuti ya bure, sura baada ya sura, msomaji akisubiri ya kesho. Sisi tuna gazeti hili lenye kurasa za kuhesabika, tuna mashine ya kudurufu inayotia wino pembeni, tuna simu. Kinachotukosesha hadithi si mtaji.

MANENO YA KUFUNGIA

Nimesikia pia ile hoja ya kisiasa kwamba kutaka kawaida ni kukata tamaa, ni kuacha mapambano. Wanaosema hivyo mara nyingi kawaida wanayo. Wana maji ndani, wana choo cha ndani, wana mlango wa kufunga. Mwenye mlango wa kufunga anaona ndoto ya kuwa na mlango ni ndoto fupi. Kabla ya Daraja la Mkapa kukamilika mwaka 2003, kuvuka Rufiji kulikuwa ni kungoja kivuko pale Ndundu, na masika mtu angeweza kukaa siku kadhaa na mgonjwa wake. Kufika Dar es Salaam siku ileile uliyotoka Kilwa ilikuwa fantasia. Leo ni kawaida, na hiyo kawaida ilidaiwa miaka na miaka na watu walioitwa walalamishi. Vijana wetu Wamachinga, walioondoka huku pwani ya kusini na bidhaa mabegani mpaka jina la kabila likawa jina la kazi, walitaka nini Kariakoo? Pa kuweka meza wasifukuzwe. Meza tu! Na tazameni jinsi meza hiyo ilivyopiganiwa.

Hivyo basi, wandugu wa kalamu, natoa changamoto iliyo wazi. Niandikieni binti wa Mitole mwenye nguvu za kutisha. Asiwe malaika, asiwe mama wa taifa, asiwe jeshi. Awe na hasira za asubuhi. Apende mihogo ya nazi kupita kiasi. Kijiji kizima kimtake abebe daraja, naye alibebe mara moja kwa sababu ana utu, na mara ya pili aulize barabara ina wenyewe au haina. Kisha aende zake ndani, afunge mlango, alale, na mwandishi asimwadhibu kwa hilo. Asimtie mimba, asimtie ukimwi, asimuue, asimwoze kwa mfalme. Amwache alale mpaka aamke mwenyewe.

Nawahakikishia hiyo itakuwa kurasa ngumu kuliko zote mlizowahi kuandika, kwa sababu mkono umeshazoea kumwamsha.

Anayepinga aje na hoja. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi, kalamu ziko mkononi.